Somo: Mafuta ya Tumboni na Afya ya Moyo

Kwa muda mrefu kitambi kimehesabiwa kuwa ishara ya neema. Tunakuomba ukitazame upya. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2015-16 ulionesha kuwa wanawake 28 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi au unene uliokithiri.

Mafuta hufanya nini mwilini?
Chakula kinapozidi mahitaji ya mwili, ziada huhifadhiwa katika seli za mafuta. Seli hizo si ghala tu. Hutoa kemikali zinazoingia katika damu. Zinapojaa kupita kiasi, hasa zinazozunguka viungo vya tumboni, hupungukiwa na oksijeni, nyingine hufa, na kinga ya mwili huamka kana kwamba kuna kidonda. Hapo insulini hushindwa kufanya kazi barabara, shinikizo la damu hupanda, na mafuta hujengeka katika kuta za mishipa. Moyo hulazimika kusukuma damu kwa nguvu zaidi. Misuli yake hunenepa, kisha huchoka. Haya huweza kuendelea miaka mingi bila maumivu yoyote.

Soma lebo kabla ya kununua
Mkazi wa Chanika, mjini Handeni, anayenunua kinywaji dukani na aangalie kiasi cha sukari. Lebo ikisema gramu 10 kwa kila mililita 100, chupa ya mililita 500 ina gramu 50. Hicho ni takriban kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asikizidi kwa siku nzima. Alama ya ubora ya TBS huthibitisha kuwa bidhaa imekidhi viwango. Haimaanishi kwamba yaweza kutumiwa bila kiasi.

Zoezi
Pima kiuno kwa tepu ya fundi cherehani, katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, baada ya kutoa pumzi. Mwanamke aliyezidi sentimita 80, au mwanaume aliyezidi 94, afike kituo cha afya apimwe shinikizo la damu na sukari. Kipimo hiki hakimhusu mjamzito.

Ukikutwa na uzito mkubwa, usikate tamaa. Mwenye kilo 80 akipunguza kilo 4 tu, shinikizo la damu huweza kushuka. Anza kwa kuacha soda ya kila siku, na chipsi za jioni ziwe za mara chache.