SOMO LA WIKI: Kishikwambi, jua kioo kabla ya kutoa mtaji

Tangu makarani wa Sensa ya Agosti 23, 2022 wapite majumbani na vishikwambi, neno hilo halimshangazi mtu tena. Kwa mfanyabiashara wa Arusha anayenunua vilivyotumika ili auze tena mjini, Ngaramtoni au Usa River, faida au hasara imo kwenye kioo.

Aina kuu ni mbili. LCD ina taa nyuma yake. OLED, ambayo Samsung huiita AMOLED, haina taa hiyo. Kila nukta hujiwakia yenyewe. Kipimo chake hakina gharama: fungua picha nyeusi tupu, ongeza mwanga hadi mwisho, kisha jifunike koti kichwani pamoja na kifaa. Weusi ukionekana wa kijivu, hiyo ni LCD. Kikiwa giza kana kwamba kimezimwa, kwa kawaida ni OLED. Hapo weka picha nyeupe utafute vivuli vya alama zilizoganda. Vivuli hivyo fundi haviondoi bila kubadili kioo, kwa hiyo shusha bei.

Jina lisikuhadae. Samsung Galaxy Tab S8 ya mwaka 2022 ni LCD, lakini ndugu yake S8+ ni AMOLED. Ingia kwenye mipangilio usome namba ya modeli: SM-X700 ni S8, SM-X800 ni S8+. Apple nayo iliuza iPad za LCD tupu hadi mwaka 2024, iPad Pro ilipopata OLED. Anayekuuzia iPad ya 2021 kwa bei ya OLED anakuuzia maneno. Hata hivyo, namba hueleza kilichotoka kiwandani tu; kama kioo kimekwisha kubadilishwa, giza la koti ndilo litakalosema.

Jambo linalowaponza wengi zaidi ni ufa. iPad ya kizazi cha 9 (2021) ina tachi iliyo mbali na displei, hivyo fundi anaweza kubadili tachi peke yake. Kuanzia iPad Air 2 ya 2014, iPad Air zina vioo viwili vilivyogandishwa pamoja, na ufa wa juu hubeba vyote. Kitazame kwa ubavu: picha ikionekana imezama chini ya kioo, havikugandishwa, ikionekana kama imechorwa juu ya kioo, vimegandishwa.

Tuchukue hesabu ya mfano. Umenunua chenye ufa kwa sh. 250,000, nawe utauza sh. 380,000. Tachi na ufundi vikiwa sh. 60,000, unabaki na sh. 70,000. Kioo kizima kikiwa sh. 180,000, umepoteza sh. 50,000, na nauli ya kwenda kwa fundi hatujaihesabu.

Kama wateja wako ni waongoza watalii, toka nacho nje saa sita mchana. Taa ya dukani humpendelea muuzaji.