Kirusi Kinachompa Bakteria wa Kipindupindu Sumu Yake

Mvua zinapozidi na Mto Kanoni kufurika, maji huweza kupita vyooni kabla ya kufika kwenye visima vifupi. Ndiyo sababu wakazi wa Kata ya Kashai huhimizwa kuchemsha maji ya kunywa, wakikumbushwa hatari ya kipindupindu. Lisilojulikana na wengi ni kwamba bakteria wa ugonjwa huo, Vibrio cholerae, hana sumu hiyo kwa asili. Wengi wa jamii yake huishi majini bila kusababisha kipindupindu. Sumu huletwa na kirusi.

Mwaka 1996 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani, Matthew Waldor na John Mekalanos, walionesha kwamba jeni za sumu hubebwa na kirusi chembamba mfano wa uzi, kiitwacho CTX. Kirusi hicho hakimwambukizi binadamu, humwambukiza bakteria. Hunasa kwenye vinyweleo vya bakteria, vilevile anavyovitumia kujikusanya na wenzake ndani ya utumbo. Kisha huingiza vinasaba vyake, vyenye herufi zipatazo 7,000, navyo hujishikiza katika vinasaba vya mwenyeji. Tangu hapo kila bakteria anapojigawa, kizazi chake hurithi sumu. Mgeni amekuwa mwenye nyumba.

Sumu ikiingia katika seli za utumbo, huwasha kimeng'enya kisichozimika tena. Chumvi humwagika utumboni, maji huifuata, na mgonjwa aweza kufa katika muda wa saa chache. Hata hivyo, sumu haiufungi mlango mmoja: ule unaopitisha sukari na chumvi kwa pamoja kurudi mwilini. Mchanganyiko wa ORS hupitia hapo. Mgonjwa aanze kuunywa mara moja, huku akipelekwa kituo cha afya bila kusubiri.

Si virusi vyote vinavyomnufaisha bakteria. ICP1, kilichopatikana kwa wagonjwa wa Bangladesh, humpasua na kumuua. Baadhi ya bakteria wana kipande cha vinasaba kinachozuia kirusi hicho kuzaliana: aliyeshambuliwa hufa, lakini jirani zake husalimika. Baadhi ya virusi hivyo navyo hubeba mkasi wa kimolekuli wa kukikatakata kipande hicho. Mapambano hayo hayana mshindi wa kudumu, hivyo hayawezi kutegemewa kusafisha kisima. Maji yaliyochemka sawasawa huua bakteria mwenye jeni za sumu na asiye nazo.