VVU Mikoani Mwetu: Takwimu Zina Maana Gani kwa Familia Yako

Kijitabu hiki kisomwe nyumbani, wazazi pamoja na vijana wao.

Hali ilivyo

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022/2023 ulionesha kuwa asilimia 4.4 ya Watanzania wenye umri wa miaka 15 na kuendelea wanaishi na VVU. Kwa wanawake ni asilimia 5.6, kwa wanaume 3.0. Mikoa inapishana sana: Njombe ni asilimia 12.7 na Iringa 11.1, ilhali Kigoma na Manyara haifiki 2. Zanzibar iko chini ya asilimia 1.

Kwa nini mikoa haifanani?

Si kabila wala si laana. Sababu zinajulikana.

*Tohara.* Mwanamume aliyetahiriwa hupunguza hatari ya kuambukizwa na mwanamke kwa takriban asilimia 60. Pwani na Visiwani watoto wa kiume hutahiriwa tangu zamani. Njombe na Iringa mila hiyo haikuenea, ndiyo maana huduma ya tohara ya kitabibu ilipelekwa huko. Hata hivyo, tohara si kinga kamili.

*Barabara na kazi za msimu.* Mji wa Makambako, mkoani Njombe, upo kwenye barabara kuu ya kwenda Zambia. Madereva hulala hapo, na wafanyakazi wa mbao na chai huishi mbali na wenzi wao.

Asilimia ikipanda au kushuka

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983. Mwaka 1987, mjini Bukoba, karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne alikuwa na VVU. Kufikia 1996 kiwango kilikuwa takriban asilimia 13. Wengi walibadili mienendo, lakini pia wengi walizikwa, kwa sababu dawa hazikuwapo.

Leo mambo ni tofauti. Anayemeza dawa za kufubaza virusi (ARV) anaishi, analea wanawe na anaendelea kuhesabiwa. Kwa hiyo mkoa wenye asilimia kubwa unaweza kuwa ndio unaotunza watu wake vizuri. Kipimo cha mafanikio ni kupungua kwa maambukizi mapya.

Nyumbani tufanye nini?

1. *Pimeni.* Asilimia ya mkoa haikuambii hali yako. Utafiti uleule ulikuta kuwa kati ya watu wazima 100 wanaoishi na VVU, 17 hivi hawajui. Kituoni utachomwa kidole, tone la damu litawekwa kwenye kitepe, na majibu yatatoka muda si mrefu. Mstari mmoja wa udhibiti peke yake ni hasi. Mistari miwili peke yake haitoshi kuthibitisha kuwa una VVU. Mhudumu atarudia kwa kipimo cha aina nyingine. Kama ulijiweka hatarini karibuni, rudi upime tena baada ya miezi mitatu.

2. *Mjamzito apimwe mapema, na baba aandamane naye.* Mama akiwa na VVU, bila dawa mtoto anaweza kuambukizwa tumboni, wakati wa kuzaliwa au kwa kunyonya. Mama akimeza ARV ipasavyo na mtoto akapewa dawa ya kinga, hatari hushuka chini ya asilimia 5.

3. *Aliyebakwa, au aliyejichoma kwa sindano iliyotumika, awahi kituoni* kabla ya saa 72 kupita. Ipo dawa ya kuzuia maambukizi, na kila saa ina thamani.

4. *Anayemeza dawa asijifiche.* Kula sahani moja, kutumia choo kimoja, kukumbatiana: hakuna kinachoambukiza. Virusi vyake vikifubaa hadi visionekane kwenye kipimo, hamwambukizi mwenzi wake kwa kujamiiana. Lakini akificha vidonge kwa kuogopa maneno ya shemeji au jirani, ataruka dozi, na virusi vitaamka.

Mwulize kwa upole kama amemeza, na siku ya kliniki msindikize. Huo ndio mchango wa familia katika kupunguza maambukizi mapya mkoani.