Kushona kwa ajili ya 8 Machi bila kuua ubunifu

Mwisho wa Februari, atelie za ushonaji za Butembo na Beni hufanya kazi mpaka macho yanauma. Vikwembe vya sikukuu ya wanawake vimeingia sokoni, vikundi vya akina mama vimekubaliana rangi, na kila mmoja anataka bluzi yake kabla ya gwaride. Tarehe yenyewe haisogei. Nguo iliyokamilika tarehe 10 haimsaidii mama aliyetaka kutembea na wenzake tarehe 8.

Katika majuma hayo utaona atelie mbili zenye mafundi hodari, zikiwa zimepokea kazi inayolingana. Ya kwanza inatoa bluzi zenye shingo ileile na mikono ileile, kwa sababu hakuna aliyepata nafasi ya kufikiri. Ya pili inatoa mishono ambayo watu wataiulizia mpaka sikukuu za Desemba. Ya pili haikupewa siku nyingi zaidi. Ilizigawa siku zake vizuri, na hilo linafundishika.

Teresa Amabile wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzake waliwaomba wafanyakazi 177 wa kampuni za Marekani waandike kila siku jinsi kazi ilivyokwenda. Walipata maandishi zaidi ya 9,000, na mwaka 2002 wakaeleza walichokiona. Watu waliobanwa sana na muda mara nyingi walijiona wabunifu, lakini maandishi yao yalionyesha kwamba fikra mpya zilipungua, na upungufu huo uliendelea hata siku zilizofuata. Waliookoka ni wale walioelewa kwa nini kazi ni ya haraka na wakaachwa washughulikie jambo moja bila kukatizwa.

Basi anza kwa kutenganisha tarehe ya kufikiri na tarehe ya kushona. Ubunifu wa nguo uko kwenye karatasi na kwenye mkasi. Mashine inafuata tu kilichokwisha kuamuliwa. Kikwembe cha yadi sita kikikatwa vibaya hakirudi. Kwa hiyo chagua mitindo mapema, tuseme kabla ya tarehe 20 Februari, uichore, ushone mmoja wa mfano na kuutundika mlangoni. Mteja achague kati ya hiyo. Baada ya hapo anayetaka mtindo mpya kabisa aelezwe kwa heshima kwamba atashonewa baada ya sikukuu. Mafundi wengi huogopa kusema hivyo, wakidhani watampoteza. Mimi naona anayepotea kweli ni yule aliyeahidiwa, akalipa avansi, kisha akarudishwa nyumbani mara tatu kwa neno «kesho».

Tarehe ya mwisho ya kushona nayo isiwe tarehe 7. Iwe tarehe 4, ili siku zinazobaki ziwe za kujaribisha nguo mwilini na kurekebisha kiuno. Hapa kwetu pia kuna siku za kuhesabu ambazo kalenda haizionyeshi. Tangu Mei 2021 Kivu Kaskazini iko chini ya utawala wa kijeshi, na kutembea usiku si jambo la kulipangia kazi. Siku ya «ville morte» ikitangazwa, Butembo inafunga milango asubuhi hadi jioni. Umeme unakatika. Zipu na nyuzi zinazopitia mpaka wa Kasindi zinaweza kukwama njiani pamoja na lori. Ukiwa na siku kumi, panga kazi ya siku saba. Kazi zinazohitaji umeme zifanywe mara umeme unapopatikana, hata kama si zamu yake, na mashine ya miguu pamoja na pasi ya makaa viwe tayari kwa zilizobaki.

Waambie wanafunzi wako sababu ya haraka. «Harakisha!» haimfundishi kitu kijana aliye kwenye mashine; inamtia hofu, na mwenye hofu hushona alichokizoea. Mwambie hivi: «Mama huyu ndiye atakayebeba bango mbele ya kikundi chake, na kila mtu atamtazama mgongoni.» Sasa kijana anajua mshono wa mgongo ndio wa kutunzwa, na pengine ataleta wazo ambalo wewe hukulifikiria.

Usiwadanganye kuhusu tarehe. Kuna wakubwa wanaotangaza Alhamisi ilhali kazi inatakiwa Jumamosi, wakiamini wanawachangamsha watu. Uongo huo hufaulu mara moja. Ukishajulikana, hata tarehe ya kweli haimshtui mtu tena, na hamu ya kazi inaisha pamoja na imani.

Asubuhi zilindwe. Mtu mmoja akae mlangoni kupokea wateja, kuandika vipimo na kujibu simu. Anayekata kitambaa asiitwe mpaka saa sita. Kwangu hili ndilo kubwa kuliko yote niliyoyataja, maana fundi anayeinua kichwa kila baada ya dakika chache hawezi kuona umbo la nguo ambayo bado haipo. Mwandishi wa habari wa radio, au karani anayeandaa ripoti ya shirika, atapata faida hiyohiyo akifunga mlango kwa saa mbili.

Zipo pia kazi ambazo hazikubali kubanwa hata kidogo. Wakulima wa kakao wa Beni wanajua kwamba mbegu huhitaji siku kadhaa za kuchachuka kabla ya kuanikwa, hata kama mnunuzi amesimama uani. Utarizi wa mkono ni hivyohivyo. Usiupokee wiki ya mwisho kwa bei yoyote.

Tarehe 9 Machi usipokee kazi ngumu. Fagieni vipande, pakeni mashine mafuta, walipe vijana walichostahili, kisha fungueni daftari la vipimo na kuandika pembeni ya kila jina: nguo ilitoka tarehe gani, ilichelewa kwa sababu gani, mshono upi uliulizwa na wapita njia. Sare za shule za Septemba zipangeni kwa kurasa hizo.