Wadudu Katika Banda la Kuku: Mjue Adui Anakolala

Katika toleo hili nimeonelea tuziache ngeli kidogo, twende uani, kwenye banda la kuku. Hapa kwetu Kitui ni boma gani lisilo na kuku? Mvua ikikataa na pojo zikikosa kuzaa, kuku ndiye hupelekwa soko la Kalundu, akarudi nyumbani akiwa daftari, sabuni au sehemu ya karo. Kwa hivyo kifaranga akifa, hasara haimpati mama yake peke yake.

Watu wengi wakiona kuku wamesinyaa husema, "Ni kideri hicho," basi, wameshamaliza. Kideri kipo kweli, na chanjo yake ipo. Lakini mara nyingi anayewamaliza kuku polepole ni mdudu. Na hata wale wanaomtambua mdudu hununua unga wa dawa, wakampaka kuku, na baada ya wiki mbili mambo ni yale yale. Kwa nini? Kwa sababu kila mdudu ana makao yake. Kuna wanaotoka nje, kuna wanaokaa ukutani, na kuna wanaoishi juu ya kuku mwenyewe. Dawa ikipelekwa mahali ambapo mdudu hayupo ni kazi bure. Hilo ndilo somo langu la leo.

1. Wanaotoka nje: siafu na sisimizi

Siafu ndio wa kuogopwa zaidi, hasa mvua zinapoanza. Hutembea kwa msafara, wakifuata harufu ya wenzao, kwani macho yao hayaoni. Nimewahi kuona kwa jirani yetu: asubuhi banda lilikuwa kimya, mama kuku aliyekuwa akiatamia amekufa juu ya mayai yake. Kuku anayeatamia haondoki upesi, na vifaranga hawawezi kukimbia.

Dawa ya siafu ni kuwazuia njiani. Jenga banda juu ya miguu ya miti, na kila mguu uusimamishe ndani ya mkebe wenye oili chafu ya gari. Fyeka nyasi kulizunguka banda ili jani lolote lisiwe daraja. Mwaga majivu makavu pande zote, na mvua ikinyesha uyamwage tena, kwa kuwa majivu yaliyolowa hayana nguvu. Wakishaingia, usipoteze wakati kupigana nao. Hamisha kuku kwanza! Siafu ni wapita njia. Watakula mende na panya, kisha waende zao.

Sisimizi nao huja kwa sababu wameitwa. Wameitwa na makombo ya chakula na yai lililovunjika. Wakizoea, huliingia hata yai ambalo kifaranga ameanza kulitoboa, wakamuuma kabla hajatoka. Tena kuna jambo ambalo wengi hawalijui: baadhi ya sisimizi hubeba watoto wa tegu tumboni. Kuku akiwadonoa, tegu anakua ndani ya utumbo wake. Kwa hivyo fagia kila jioni, ondoa mayai yaliyovunjika, na sahani ya chakula uiweke ndani ya karai lenye maji kidogo. Sisimizi hawezi kuvuka. Ila kwa vifaranga maji yawe haba sana, wasije wakazama.

2. Wanaokaa ukutani: utitiri na papasi

Mwalimu wa baiolojia asinikasirikie. Najua hawa si wadudu kamili, maana wana miguu minane kama buibui. Lakini nyumbani sote twawaita wadudu.

Utitiri mwekundu na papasi wa kuku hujificha mchana katika nyufa za ukuta na chini ya vijiti vya kulalia. Usiku hutoka, wakafyonza damu, kisha wakarudi mafichoni. Ndiyo maana ukimkagua kuku mchana huenda usione kitu, ilhali upanga wake wa kichwani umepauka na mayai yamepungua. Ukitaka kuhakikisha, ingia bandani usiku na tochi, upitishe kitambaa cheupe chini ya kijiti cha kulalia. Kikitoka na madoa ya damu, umempata mwizi.

Hapa kumpaka kuku dawa pekee hakutoshi. Nyumba ndiyo mgonjwa. Toa kuku wote. Choma nyasi za viota, na kile kiondo kikuukuu cha kutagia kichome pia. Mimina maji yanayochemka katika nyufa zote, anika vijiti juani, kisha kandika ukuta kwa udongo uliochanganywa na majivu. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa mfugaji wa kuku maneno haya si fumbo hata kidogo. Rudia kazi hiyo baada ya wiki moja, maana mayai yaliyobaki huanguliwa upesi. Wala usidhani kuliacha banda tupu kwa mwezi mmoja kutawaua kwa njaa. Papasi huweza kukaa zaidi ya mwaka bila kula.

3. Wanaoishi juu ya kuku: chawa na viroboto

Kikulacho ki nguoni mwako. Chawa huzaliwa, huishi na kufa katika manyoya ya kuku. Funua manyoya chini ya mkia, utawaona wakikimbia, na mayai yao yamegandamana kwenye mashina ya manyoya. Wawekee kuku karai la majivu makavu na mchanga laini waoge wenyewe. Ukimpaka kwa mkono, linda macho na pua zake, na urudie baada ya siku 7 hadi 10.

Viroboto wao hujibandika kichwani, kuzunguka macho na upanga, kama punje nyeusi. Wapake mafuta mazito ya kujipakaa ili wakose hewa, bila kuyagusa macho. Lakini mayai yao huanguka chini, kwa hivyo sakafu nayo ifagiliwe na taka zichomwe. Mbwa na paka wasilale humo.

Kuhusu dawa

Majani ya mwarubaini yaliyotwangwa na kulowekwa usiku kucha hutoa maji ya kunyunyizia nyufa na vijiti. Hayaui papo hapo; huwazuia wadudu kula na kukua. Kituo cha ICIPE jijini Nairobi, kilichoanzishwa mwaka 1970 na Profesa Thomas Odhiambo, kimeuchunguza mti huu. Kama ni dawa ya dukani, muulize afisa wa mifugo na usome maandishi ya kopo. Dawa ya shambani usimpake kuku kamwe, kwa maana yale mayai ni wewe utakayeyala.

Basi mwenzangu, ukifunga shule, kabla ya kuomba pesa za dawa, omba tochi. Ingia bandani usiku ujue kwanza ni nani anayewala kuku wa mama, na analala wapi.