Baiskeli Inayonoa Majembe

Jembe butu linachosha. Kila mkulima wa mpunga hapa Kyela analijua jambo hili. Panga nalo likiwa butu, mkono unauma na kazi haiendi. Tupa hugharimu fedha, nayo huisha makali. Je, tufanye nini?

Zamani Wakinga wa milima ya Livingstone walifua majembe ya chuma. Wanyakyusa wa bondeni waliyapata kwa kubadilishana na vyakula. Siku hizi tunanunua majembe dukani. Lakini kuyanoa bado ni kazi yetu wenyewe.

Nchi yetu ni tambarare, kwa hiyo baiskeli ni nyingi. Baiskeli kuukuu inaweza kugeuzwa kuwa mashine ya kunolea. Wanahitajika watu wawili: mmoja anakanyaga, mwenzake ananoa.

Tafuta baiskeli yenye keria imara na stendi inayoinua gurudumu la nyuma. Ondoa madigadi, tairi na tyubu ya nyuma. Ibaki rimu tupu. Funga stendi kwenye mbao mbili pana ili baiskeli isianguke.

Sasa mwombe seremala akuchongee puli ya mti mgumu. Puli ni kigurudumu kidogo chenye mfereji wa kupitisha mkanda. Upana wake uwe sentimita 6. Ivishe puli hiyo katikati ya bolti ndefu, ikaze isicheze. Weka beringi moja kila upande wa puli. Funga beringi hizo juu ya keria. Puli inyooke na rimu, la sivyo mkanda utatoka.

Mkanda utaukata kwenye tyubu kuukuu. Shona ncha zake kwa uzi wa nailoni. Usifunge fundo, maana fundo litarukaruka. Mkanda upite katikati ya fito za keria, na upishane kama tarakimu 8. Ukipishana hivyo, upande wa jiwe ulio karibu na mnoaji utateremka, na cheche zitaelekea chini. Mnoaji asimame nyuma ya baiskeli.

Jiwe likae kwenye ncha ya bolti upande wa kulia. Upande huo mzunguko wenyewe hukaza nati. Upande wa kushoto, nati ya kawaida huweza kulegea. Weka washa pana kila upande wa jiwe, na kati ya washa na jiwe weka karatasi nene.

Sasa tufike kwenye jambo kubwa. Jiwe likizunguka kuliko uwezo wake, hupasuka. Vipande vyake huruka kwa nguvu. Vinaweza kumtoa mtu jicho, hata kumwua. Kwa hiyo, kabla ya kununua jiwe, lisome! Jiwe zuri lina maandishi ubavuni. Tafuta namba iliyo karibu na herufi RPM au alama 1/min. Namba hiyo ni mizunguko mingi kabisa ambayo jiwe linaruhusiwa kuzunguka kwa dakika moja. Jiwe lisilo na namba, liache dukani. Jiwe la kujitengenezea kwa saruji na mchanga lisitumike kabisa kwenye mashine hii.

Kisha piga hesabu. Tuseme gia kubwa ina meno 44 na gia ndogo ina meno 22. Kanyagio likizunguka mara 1, gurudumu linazunguka mara 2. Ukikanyaga mizunguko 60 kwa dakika, gurudumu linazunguka mara 120. Rimu ina upana wa karibu sentimita 60, na puli sentimita 6. Kwa hiyo puli inazunguka mara 10 kwa kila mzunguko wa rimu. Mara 120 kwa 10 ni 1,200. Namba ya jiwe lako lazima ipite 1,200, tena ipite kwa mbali, kwa sababu vijana hupenda kukanyaga mbio.

Kabla ya kulifunga jiwe, lining'inize kwa kidole kilichopita tunduni. Ligonge polepole kwa mpini wa mti. Jiwe zima hulia kama kengele. Lenye ufa hutoa sauti nzito iliyokufa. Hilo litupe.

Funika jiwe kwa bati nene, ibaki wazi sehemu ya kunolea tu. Weka kipande cha chuma cha kuegemeza jembe. Nafasi kati yake na jiwe isizidi milimita 3, ili jembe lisinaswe. Mnoaji avae miwani ya kukinga macho. Watoto wakae mbali.

Unaponoa, usikandamize sana. Chovya chuma majini mara kwa mara. Makali yakigeuka rangi ya buluu, yameungua. Yamekuwa laini, na hayatadumu shambani.

Maswali

1. Kwa nini mkanda upishane kama tarakimu 8?
2. Mtu ameweka puli ya sentimita 2 badala ya 6. Rimu ni sentimita 60, nayo inazunguka mara 120 kwa dakika. Jiwe litazunguka mara ngapi?
3. Jiwe la mtu huyo limeandikwa 2,800. Utamwambia nini?