Kutumia Takwimu Katika Insha ya Hoja: Mfano wa Malaria

Ukipewa swali "Malaria bado ni tishio nchini Tanzania. Jadili", usiandike tu kwamba ugonjwa huu "unaathiri watu wengi sana". Wengi wangapi? Msahihishaji anataka ushahidi. Hata hivyo, takwimu iliyosomwa vibaya huharibu hoja kuliko kukosa takwimu kabisa.

Chunguza namba hizi za tafiti za kitaifa za kaya. Ni asilimia ya watoto wa miezi 6 hadi 59 waliopimwa damu na kukutwa na vimelea vya malaria:

2007/08: 18
2011/12: 9
2015/16: 14
2017: 7
2022: 8

Watahiniwa wengi hutazama namba ya kwanza na ya mwisho, kisha huandika: "Malaria imekuwa ikipungua mwaka hadi mwaka." Si kweli. Ilishuka, ikapanda, ikashuka tena, halafu ikabaki karibu palepale. Sentensi sahihi ni hii: "Kati ya 2007/08 na 2022 kiwango cha maambukizi kwa watoto kilipungua kwa zaidi ya nusu, ingawa kilipanda katikati ya kipindi hicho."

Hapo kwenye kupanda ndipo penye alama zako, kwa sababu unaweza kueleza sababu. Mwaka 2011/12 kaya 91 katika kila 100 zilikuwa na angalau chandarua kimoja chenye dawa. Kufikia 2015/16 zilibaki 66. Chandarua huchanika na dawa yake huisha nguvu. Kisipopatikana kingine, mbu hurudi kazini. Lakini andika kwa tahadhari: "huenda upungufu wa vyandarua ulichangia." Mvua nazo huongeza mazalia ya mbu, na tafiti hizi hazikufanyika katika miezi ileile.

Angalia pia maneno. Asilimia 8 hapa ni watoto wenye vimelea. Si waliolazwa, wala si waliokufa. Mtoto anaweza kuwa na vimelea huku anacheza mpira. Ukiandika "asilimia 8 ya watoto hufa kwa malaria", umebuni msiba usiokuwepo.

Wastani nao huficha mambo. Mwaka huohuo wa 2022, Tabora ilikuwa na takriban asilimia 23, ilhali Kilimanjaro haikufika hata asilimia 1. Kwa mzazi wa Tabora, kuambiwa "taifa lina asilimia 8" hakumsaidii kitu. Hoja hii peke yake inatosha aya nzima, na ni wachache wanaoiandika.

Zoezi
1. Sensa ya 2012 ilihesabu watu milioni 44.9, ya 2022, milioni 61.7. Eleza jinsi idadi ya wagonjwa inavyoweza kuongezeka wakati asilimia inapungua.
2. Andika aya moja ya hoja ukitumia namba tatu tu kati ya zile za juu, bila kupotosha mwelekeo wake.